Kokwijuka Atafuta Mtaji wa Mashine ya Ndizi

Mwaka wa hamsini na nne palikuwa na mjane kule Ijuganyondo, karibu na mji wa Bukoba, aliyeitwa Kokwijuka, ambaye pombe yake ya ndizi ilisifiwa mpaka Rwamishenye. Mimi namfahamu kwa sababu shangazi yangu aliolewa kibanja cha pili kutoka kwake. Habari hii nimeisikia kwa watu wawili, yaani yeye mwenyewe na fundi Elieza. Pale walipotofautiana nimemfuata Kokwijuka, maana Elieza katika masimulizi yake hakuwahi kukosea jambo lolote.

Siku hizo pombe ilitengenezwa kwa miguu. Ndizi mbivu zilimwagwa kwenye mtumbwi uliochongwa kwa gogo zima, zikachanganywa na nyasi, kisha wanaume wakaingia na kuzikanyaga mpaka zikatoa maji matamu yanayoitwa omulamba. Maji hayo yalitiwa mtama uliosagwa, yakalala, yakawa pombe. Mwanamke hakuruhusiwa kuingia mtumbwini. Hakuna aliyeweza kueleza sababu, lakini wote walikubaliana kwamba ndivyo ilivyo.

Kwa hiyo Kokwijuka, mwenye ndizi, mwenye mtumbwi, mwenye mtama na mwenye wateja, alikuwa mikononi mwa wanaume watatu, au tuseme miguuni mwao. Mkubwa wao alikuwa Protase, mrefu, mwenye nyayo pana, aliyejiita fundi na kweli alikuwa fundi. Wa pili, Byarugaba, alikuwa mnene na mpenda usingizi. Wa tatu, Kamugisha, alikuwa mtu wa hadithi, na hadithi zake zilimfanya asimame katikati ya kazi ili mikono ipate nafasi ya kueleza. Walilipwa fedha kidogo na kibuyu kimoja kila mmoja. Tena walikuwa na haki ya kuonja, kujua kama maji yametoka vizuri. Walionja mwanzoni, walionja katikati, na mwishoni walionja tena kwa kulinganisha.

Mwezi wa sita mzee mmoja wa Rwamishenye aliagiza vibuyu thelathini kwa ajili ya arusi ya binti yake, akatoa na kishanzu, yaani malipo ya awali. Wakanyagaji walitakiwa kufika alfajiri, wakafika saa sita mchana, kwa sababu walikuwa wamepita mahali pengine kuonja. Walikanyaga nusu saa. Kamugisha alianza hadithi ya chui wa Karagwe, wote wakasimama kumsikiliza. Mvua kubwa ikanyesha. Wenzake walikimbilia barazani, lakini Byarugaba alikuwa amelala kwenye ukingo wa mtumbwi, mguu mmoja ukiwa ndani, na hakuna aliyemkumbuka. Mvua ilipokwisha mtumbwi ulikuwa umejaa maji ya mbinguni mpaka juu, na Byarugaba alikuwa anauliza nani amemmwagia ndoo.

Wageni wa arusi walikunywa chai. Baba wa bibi arusi alikuja kesho yake kudai kishanzu chake, akarudishiwa, naye akaondoka bila kuaga.

Kokwijuka hakugombana na mtu. Alijifunga kitenge chake kizuri, akatembea hadi Rwamishenye kwa Elieza.

Elieza alikuwa ametengeneza magari ya jeshi wakati wa vita, na tangu arudi alikuwa na banda la mabati ambamo alitengeneza chochote kilicholetwa, kuanzia baiskeli hadi saa ya ukutani. Karibu kila jambo alilianza kwa maneno "kule Burma."

"Unaweza kutengeneza kitu cha kukamua ndizi bila miguu?" Kokwijuka alimwuliza.

Elieza alifuta mikono kwa kitambaa. "Bila miguu ya nani, Mae?" aliuliza, akimwita mama kwa Kihaya.

"Ya mtu yeyote."

Elieza aliweka kitambaa chini. Kisha akasema kwamba kule Burma alikuwa ameona mashine ya kukamua miwa, na kwamba ndizi ni laini kuliko muwa, kwa hiyo kazi ni nusu. Baada ya wiki mbili alikuwa na michoro kumi na mmoja. Palikuwa na pipa lililolazwa, ndani yake makasia ya mbao yanayozungushwa kwa mnyororo wa baiskeli, na upande wa pili kifuniko kinachosukumwa na jeki ya lori ili kukamua maji ya mwisho. Katika kila mchoro palikuwa na mwanamume mwenye kofia anayekanyaga pedeli. Kokwijuka aliomba achorwe mwanamke. Elieza alimjibu kwamba mwanamke ni mgumu kumchora, hasa akiwa juu ya baiskeli.

"Na gharama?"

"Shilingi mia sita. Vyuma vizuri si bure."

Kokwijuka alikuwa na mia moja na hamsini, akiba ya miaka minne. Aliangalia mchoro wa kumi na moja kwa muda mrefu, akasema, "Basi nitatafuta mwenye fedha. Jambo lenyewe ni zuri, mtu yeyote mwenye akili ataliona." Baadaye alipokuwa akinisimulia, hapo ndipo alipocheka zaidi kuliko mahali pengine pote.

Alianza na ndugu. Shemeji yake Ndyamukama alikuwa mkulima mkubwa wa kahawa huko Rubya. Kahawa ilikuwa na bei nzuri miaka hiyo, na Ndyamukama alikuwa amejenga nyumba ya matofali na kununua gramafoni. Kokwijuka alipanda basi na michoro yake ikiwa imekunjwa ndani ya shuka. Alipofika alipokewa kwa heshima zote. Siku ya kwanza shemeji alimwonyesha nyumba. Siku ya pili alimpigia santuri zote alizokuwa nazo, nazo zilikuwa nne. Siku ya tatu, baada ya chakula, alikunjua michoro mezani, akaitazama akiwa ameishika juu chini.

"Shemeji, hili ni jambo la ukoo," alisema. "Mia nne na hamsini naweza kutoa."

Kokwijuka alipiga goti kushukuru.

"Ila mashine itakaa hapa Rubya."

"Lakini shemeji, ndizi zangu ziko Ijuganyondo."

"Ndizi husafiri."

"Kutoka Ijuganyondo mpaka hapa? Zitafika zikiwa zimeshajikamua zenyewe."

"Na iandikwe jina langu kwa rangi nyeupe," Ndyamukama aliendelea, kama mtu ambaye hajasikia. "Na ikipata faida, faida tutaizungumza. Ikipata hasara, hasara ni ya mwenye wazo."

Kokwijuka aliomba apewe muda wa kufikiri. Alifikiri njia nzima ya kurudi, na kila alipofikiri aliona mashine nyeupe iliyokaa karibu na gramafoni, ikitazamwa na wageni siku za Jumapili.

Wa pili alikuwa Bwana Burhani, mfanyabiashara mwenye duka kubwa la baiskeli na mabati mjini Bukoba. Huyu hakupoteza muda kwa santuri. Alimkalisha Kokwijuka kwenye kiti mbele ya meza, akavaa miwani, akauliza maswali kwa haraka. Mtumbwi mmoja unatoa vibuyu vingapi? Mashine itatoa vingapi? Ikiharibika nani ataitengeneza? Wateja wakichoka pombe ya mashine je?

Kokwijuka alijibu lile analolijua. Asilolijua alisema halijui, na hapo Burhani aliandika kitu kidogo kwenye karatasi.

"Kwanza, Mama, mimi ni Mwislamu. Pombe siwezi kuigusa, hata kwa ushirika. Lakini maji matamu kabla hayajachacha, hayo ni halali. Ukiuza omulamba mtupu, nakusikiliza."

"Omulamba ukikaa hadi kesho unachacha wenyewe, Bwana Burhani."

"Basi uuze leo."

"Na la pili?"

"La pili, mimi nachukua mafungu saba katika kumi. La tatu, sijawahi kuona mashine ya namna hiyo. Nionyeshe inavyofanya kazi, nitatoa fedha."

"Haifanyi kazi kwa sababu haijatengenezwa. Haijatengenezwa kwa sababu fedha hakuna."

Burhani alivua miwani akamwonea huruma kwa dhati. "Hilo ndilo tatizo, Mama. Mimi natoa fedha kwa kitu kilichopo. Na kitu kikiwapo, mwenye nacho haji kwangu."

Kokwijuka alitoka dukani akasimama barabarani. Aliniambia kwamba kwa dakika kadhaa alijaribu kutafuta kosa katika maneno yale, na hakulipata.

Kisha mtu akamwambia kwamba serikali inakopesha wananchi wenye bidii. Alikwenda kwenye ofisi moja mjini akakutana na karani kijana, mnyoofu kama rula, jina lake Mutembei. Karani alikuwa na fomu ya kurasa nne kwa Kiingereza, akawa anaisoma na kuitafsiri.

"Jina la mwombaji."

Hilo lilipita salama.

"Aina ya mashine."

"Ya kukamua ndizi."

Karani alitafuta kwenye orodha. "Kuna ya kusaga, kuna ya kukoboa, kuna ya kushona. Ya kukamua haipo. Niandike ya kushona?"

"Haishoni, mwanangu."

"Naelewa, lakini ndiyo iliyo karibu." Aliandika kitu, akaendelea. "Mwombaji ameendesha mashine ya namna hii kwa miaka mingapi? Inatakiwa isipungue miwili."

"Ni ya kwanza. Haijawahi kuwapo duniani."

"Kwa hiyo ni sifuri," Mutembei alisema kwa masikitiko, akaandika sifuri yenye umbo zuri sana. "Sahihi ya mume."

"Mume wangu amefariki."

"Pole sana, Mama. Basi tutahitaji barua yake."

Kokwijuka alimtazama. Mutembei alisoma tena mstari ule, midomo ikichezacheza, akaona mwenyewe. Akasema kwa sauti ya chini kwamba fomu ilitungwa na watu walio mbali. Alikuwa kijana mwema. Alimsindikiza mpaka mlangoni, na alipokuwa anamuaga alimwuliza kama pombe yake inapatikana Jumamosi.

Jioni hiyo Kokwijuka alikwenda moja kwa moja kwa Elieza, akaweka akiba yake juu ya meza ya vyuma. "Tengeneza ndogo," alisema. "Ya kuonyesha tu. Watu hawa wanataka kuona kwa macho."

Elieza alitafuta pipa la mafuta, akalisugua kwa majivu siku tatu mpaka likaacha kunuka. Alichonga makasia. Mnyororo, pedeli na kiti alivitoa kwenye baiskeli yake mwenyewe, akawa anakwenda kazini kwa miguu. Mashine ilipokamilika ilifanana na mnyama aliyekwama kwenye pipa, lakini ilizunguka.

Palikuwa na ugomvi mmoja tu. Kokwijuka alisema nyasi ziwekwe ndani pamoja na ndizi, kama inavyofanywa mtumbwini. Elieza alikataa.

"Mae, nyasi ni mambo ya miguu. Hii ni mashine."

"Nyasi ndizo zinazochuja."

"Kule Burma hatukutia nyasi kwenye mashine yoyote."

Kokwijuka alikuwa amechoka na kubishana na wanaume wenye uhakika, akamwachia. Hilo nalo alilijutia.

Siku ya maonyesho ilikuwa Jumamosi. Bwana Burhani alikuja na kanzu mpya nyeupe, kwa kuwa alikuwa amealikwa mahali baada ya hapo. Alikuja pia mzee Mushumbusi, mshika sanduku la akiba la Walutheri wa jirani. Sanduku hilo lilikuwa limechangwa kwa ajili ya kuwasaidia wakulima, na kwa miaka miwili halikuwa limemsaidia mtu, kwa sababu Mushumbusi hakuwa amempata anayestahili. Majirani walijaa. Wakanyagaji watatu, ambao hawakualikwa, walikaa juu ya mtumbwi wao uliopinduliwa, wakiwa wamekunja mikono.

Elieza alitoa hotuba fupi iliyoanzia Rangun, kule Burma. Kisha akapanda kwenye kiti, akapiga pedeli. Makasia yalizunguka, ndizi zikaanza kuvurugika, watu wakasogea. Bwana Burhani alisogea kuliko wote. Aliinama mbele ya bomba la kutolea maji, miwani mkononi.

Maji hayakutoka. Ndani ya pipa ndizi zilikuwa zimekuwa uji mzito, na uji ule ulikuwa umeziba bomba. Elieza alipoona kimya alidhani nguvu haitoshi, akaongeza mwendo, kisha akamwambia Kokwijuka akaze jeki. Kokwijuka akakaza. Pipa lilinguruma kama tumbo la ng'ombe. Halafu bomba likafunguka ghafla.

Waliokuwapo wanasema sauti ile ilikuwa ya heshima kuliko ilivyotarajiwa. Uji wa ndizi ulimpata Bwana Burhani kuanzia kifuani hadi magotini. Alisimama wima, akavaa miwani, akajiangalia.

"Mama," alisema kwa upole, "nimeiona inavyofanya kazi." Akaondoka kutafuta kanzu nyingine.

Watu walicheka kwa muda mrefu. Kokwijuka alikaa chini kwenye majani ya mgomba, khanga yake ikiwa kichwani. Elieza alikuwa amebaki juu ya kiti cha baiskeli, kwa sababu akishuka ingembidi aongee na mtu.

Aliyeshindwa kuvumilia alikuwa Protase. Mwanzoni alicheka pamoja na wenzake. Lakini kadiri alivyotazama ule uji ukitiririka kwenye udongo, uso wake ulibadilika. Ndizi zilikuwa nzuri, zimeiva sawasawa, na kwa mtu aliyekanyaga ndizi miaka ishirini kuziona zinaharibiwa namna ile ilikuwa vigumu. Aliinuka, akaja, akaingiza mkono ndani ya pipa.

"Nani amekuambia uzisage?" alimwuliza Elieza. "Ndizi hazisagwi. Zinabembelezwa. Ziko wapi nyasi?"

"Nyasi ni mambo ya—"

"Nyasi ziko wapi?"

Kamugisha alikwenda kuzikata. Protase alizichagua moja moja, kavu na ndefu kiasi cha mkono, akazipanga ndani ya pipa pamoja na ndizi mpya. Alimshusha Elieza, akapanda mwenyewe. Alipiga pedeli polepole, kwa mwendo uleule wa miguu yake mtumbwini, akihesabu kwa midomo. Muda si mrefu povu jeupe likatokea bombani, kisha maji, kwanza matone, halafu mkondo mwembamba, safi, wenye rangi ya asali.

Hakuna aliyecheka. Mzee Mushumbusi, ambaye alikuwa hajaondoka, alipewa kikombe. Alikunywa, akafuta masharubu, akaomba kingine.

"Sanduku linaweza kutoa mia mbili," alisema. "Kwa sharti kwamba maji haya yasichache."

"Yatachacha, mzee wangu," Kokwijuka alimjibu. Alikuwa amefika mahali ambapo mtu hana tena nguvu za kudanganya. "Nikikuahidi kuwa hayatachacha, nitakuwa nimekuongopea hapa mbele ya watu wote. Mimi nauza pombe."

Mushumbusi aliguna. Alisema angeombea jambo hilo. Alikunywa kikombe cha tatu, akaenda zake, na sanduku likaenda naye.

Usiku ule wakanyagaji watatu hawakulala vizuri, hata Byarugaba. Walikuwa wameona kwa macho kwamba kitu kile kinafanya kazi. Leo kimekosa fedha, lakini Burhani angeosha kanzu yake. Ndyamukama angeweza kulegeza masharti. Mtu fulani angetoa fedha, mashine ingekuwa kubwa, na miguu yao ingebaki ya kutembelea tu. Waliongea mpaka wakafika kwenye jibu moja.

Siku ya pili mchana Kokwijuka aliwaona wakija kwa mstari, wamevaa makoti ya kanisani. Alidhani wamekuja kumcheka tena.

"Wasibota, Mae," Protase alimsalimu kwa Kihaya. "Tumekuja kuweka fedha."

Kila mmoja alikuwa na shilingi mia moja na hamsini alizopata kwa kuuza kahawa yake, zimefungwa kwenye kitambaa. Kokwijuka aliangalia vitambaa vile vitatu. Mashine yote ilikuwa imeanza kwa sababu ya kuwakimbia watu hawa, na sasa ndio pekee katika Bukoba na Rubya yote waliokuwa tayari. Aliingia ndani akidai kwamba anatazama chungu jikoni. Alikaa huko muda mrefu. Nadhani alikuwa anacheka au analia, na alipokuwa ananisimulia hakutaka kuniambia ni kipi.

Alipotoka alikuwa mtu mwingine. Miezi ile mitatu ya kutembea kwa wenye fedha alikuwa amesikiliza masharti ya kila aina, na kumbe alikuwa amejifunza.

"Fedha zenu nitazipokea," alisema. "Sikilizeni. Mashine inakaa hapa, kwenye kibanja changu. Mimi nachukua nusu, kwa sababu ndizi ni zangu na wateja ni wangu. Nusu ya pili ni yenu watatu, na Elieza mtamlipa mshahara pamoja nami. Hakuna jina la mtu kwenye pipa. Na hakuna kuonja."

Walikubali yote mpaka walipofika neno la mwisho. Ndipo zogo likaanza.

"Mae, mwenye mali atakatazwaje kuonja mali yake?" Kamugisha aliuliza. "Jana nilikuwa kibarua, nikaonja. Leo ni tajiri, nikatazwe?"

"Jana ulionja mali yangu. Kuanzia leo kila unachoonja unakiiba kwa Protase na Byarugaba."

Protase na Byarugaba walimgeukia Kamugisha wakamtazama kwa namna ambayo hawakuwahi kumtazama. Kamugisha naye akawatazama. Kokwijuka aliniambia kwamba hapo ndipo alipojua kazi imekwisha. Angeweza kwenda kulala, wangelindana wenyewe.

Na ndivyo ilivyokuwa. Mwalimu wa shule aliwaandikia mkataba, wakaweka vidole gumba. Elieza alitengeneza mashine kubwa kwa mwezi mmoja, akitumia pia vyuma vya ile ndogo, Protase akiwa nyuma yake akimwelekeza habari za nyasi, na kwa mara ya kwanza maishani mwake alisikiliza. Ilikuwa inaharibika. Mnyororo ulikatika mara kwa mara, na mara moja kasia liliruka likavunja dirisha la nyumba. Lakini kazi ya siku mbili ilifanyika kwa asubuhi moja, na mvua ikinyesha kifuniko kilifungwa.

Baada ya mwaka walikuwa na vibuyu vya kutosha kupeleka hadi Muleba kwa lori. Bwana Burhani alikuja na kanzu ya kijivu safari hii, akaomba anunue fungu. Kokwijuka alimkaribisha vizuri, akamwambia kwamba hahitaji tena fedha, ila kama ana mnyororo imara wa baiskeli angenunua. Walipatana bei ya minyororo sita. Mutembei, yule karani, akawa anakuja kila Jumamosi, analipa kama wengine.

Mtu pekee aliyeleta malalamiko alikuwa Jovita, mke wa Protase. Alifika siku moja asubuhi, akakaa mkekani, akakataa chai.

"Dada, umeniharibia mume."

"Amefanya nini?"

"Zamani alikuwa anarudi jioni amejaa pombe, anakula chochote nitakachompa, analala. Sasa anarudi macho makavu. Jana ameniambia kwamba maharage yangu hayana chumvi. Ameanza kuuliza kuku wako wangapi. Juzi amehamisha kitanda ili kiangalie dirisha. Miaka kumi na minane sikujua kwamba mtu huyu ana maoni."

Kokwijuka alimwuliza anataka afanye nini, maana mkataba ni mkataba.

Jovita alifikiri, akakubali chai. "Jumapili," alisema, "mashine haifanyi kazi, si ndiyo? Basi Jumapili mwuzie kibuyu kimoja. Mimi nitalipa."